Gitaa la shoto kuanzia ndani: shajara ya ujenzi

Mpango

Mdogo wangu ni shoto, na miaka yote anapigia magitaa ya kulia yaliyohamishwa nyuzi, sasa nimeamua kumjengea la kwake, akustika ya nyuzi za chuma, kwa mkono, toka ubao mtupu mpaka sauti itoke. Watu wakisikia gitaa la shoto wanadhani ni kuhamisha nyuzi tu basi, uzi mnene unaenda upande wa pili kazi imeisha. Kwenye gitaa la umeme hiyo inaweza ikapita kwa sababu daraja lake, pale nyuzi zinapofungwa kwenye boksi, lina skrubu za kurekebisha kila uzi peke yake, ndo maana Jimi Hendrix aligeuza Stratocaster za kulia na hakuna aliyelalamika. Elizabeth Cotten, mpiga gitaa mwingine shoto, yeye hata nyuzi hakuhamisha, alipindua gitaa zima la kulia akawa anapiga besi kwa vidole na melodi kwa dole gumba, na upigaji ule umebeba jina lake mpaka leo.

Ila hao ni wao. Kwenye akustika ule mfupa mdogo wa kwenye daraja umekaa mshazari na hauchezi, na huko ndani chini ya uso kuna mihimili imekaa mshazari pia, kwa hiyo ukihamisha nyuzi tu unabaki na gitaa ambalo nje ni shoto ndani ni kulia. Hili litakuwa shoto mpaka tumboni.

Vipimo viko hivi: urefu wa uzi toka mfupa wa juu, ule wa kichwani, mpaka mfupa wa chini, ule wa darajani, milimita 645, umbo ni OM, ile saizi ya kati ambayo kampuni ya Martin iliitoa mwaka 1929, shingo inakutana na boksi kwenye freti ya 14 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), boksi upana wake mkubwa milimita 381, kina kama 83 upande wa shingo na 105 upande wa mkiani. Kwa nini OM, kwa sababu anapiga kwa vidole, hatumii piki kabisa, na boksi kubwa zaidi ya hapo besi inaanza kumeza nyuzi nyembamba, halafu hata kulipakata inakuwa kazi.

Mbao: uso ni sprusi, mgongo na mbavu ni mninga, shingo mkangazi, fingabodi, yaani ubao wa juu ya shingo unapobonyezea nyuzi, na daraja mpingo. Mninga nimeupenda kwa sababu ukishakauka umekauka, hausinyai wala kutanuka hovyo kama mbao nyingine, na ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Vumbi lake lakini linawasha pua na kifua, barakoa muda wote. Mpingo ndo ule ule unaotengenezewa klarineti, mzito kiasi kwamba ukiutupia majini unazama. Wanaofikiria kuvusha mbao mpaka wajue kwamba ukoo wa mpingo, yaani Dalbergia wote, uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, na mwaka 2022 wakaongeza mninga na mkangazi wa Afrika, kwa hiyo makaratasi kwanza, mbao baadaye.

Uso

Sprusi ni vipande viwili vilivyopasuliwa toka gogo moja, unavifungua kama kitabu mistari ya kushoto na ya kulia ikatazamana. Cha kwanza nilichoangalia ni ile mistari ya ukuaji ukitazama ubao kwa kichwani, inatakiwa iwe imesimama wima, ikilala ubao unakuwa legelege kwenye upana na ukikauka unajikunja. Hizi zimesimama vizuri mpaka pembeni kabisa.

Kuunganisha katikati: kingo mbili zinapigwa randa ndefu mpaka ukizibananisha na kuziinua mbele ya dirisha mwanga usipite hata chembe. Ukiona mstari wa mwanga unarudi kwenye randa, hakuna njia ya mkato hapo, gundi haizibi pengo, inalificha tu kwa muda. Zikapita, zikagundishwa, zikalala usiku na klempu.

Halafu ndo ile kazi tamu, kupunguza unene. Ubao ulianza karibu milimita 4. Ukisoma michoro mingi itakwambia nenda 2.8 usimame, na hapo ndo sikubaliani na michoro, kwa sababu sprusi ya gogo hili na ya gogo lile hazina ugumu sawa hata kama zote ni 2.8. Kwa hiyo kalipa, kile kipimio cha unene, ilinifikisha kwenye 3.0, kuanzia hapo nikawa naushika ubao kwa mikono miwili naupinda kidogo kwa upana, napunguza, napinda tena, halafu naubana kwa vidole viwili kama robo ya urefu toka juu naugonga katikati kwa kifundo cha kidole. Mwanzoni unalia ko, ko, kavu. Ukikaribia unaanza kutoa mlio unaokaa hewani. Nimesimama 2.7 katikati, pembeni kule chini nimeshuka 2.4 ili uso uweze kupumua kwenye kingo.

Mdogo wangu alipita akaushika akasema, "Kaka, mbona kama karatasi?" Nikamwambia Antonio de Torres, yule fundi wa Hispania ambaye magitaa ya klasiki ya leo yanafuata ramani yake, mwaka 1862 alijenga gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi kweli, karatasi iliyogandishwa, uso tu ndo ukawa mbao, apate kuonyesha sauti inatoka wapi. Akacheka akasema haya, bora lake lina mninga.

Tundu la sauti ni kipenyo cha milimita 100 na kuzunguka tundu nimechimba mfereji wa pete moja ya mninga katikati ya pete mbili nyembamba za mpingo. Basi. Sipendi marembo mengi pale.

Kusubiri hewa ikauke

Hakuna kilichoendelea kwa sababu haigromita, kile kipima unyevu wa hewa, inasoma asilimia 60 na ushee, na mihimili siigundishi mpaka ishuke kwenye 45. Iko hivi, mbao inatanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Mihimili inalala kukatiza upana wa uso. Ukiigundisha siku ya unyevu, uso ukiwa umetanuka, halafu gitaa likaenda kuishi sehemu kavu, uso unataka kusinyaa lakini mihimili haiachii, na kitakachotokea ni ufa. Ukigundisha kwenye ukavu halafu unyevu ukaja baadaye, uso unavimba kidogo juu tu na haufi. Kwa hiyo ubao na mihimili vimefungiwa kwenye kabati dogo lenye balbu inayotoa joto, na mimi nanoa patasi.

Mihimili

Imefika 44, tumeendelea.

Hapa ndo moyo wa mradi wote kwa hiyo niache niongee. Nyuzi sita zikiwa zimekazwa zinavuta kwa jumla kama kilo 70 na kitu, muda wote, mchana na usiku, na zinavuta ubao wa 2.7. Bila mihimili uso unajikunja. Ukiweka mihimili mingi au minene gitaa litadumu miaka mia na litakuwa kimya miaka yote mia. Mfumo wa X, mihimili miwili mirefu inayokatana chini kidogo ya tundu, ulianza kwa mafundi wahamiaji wa Kijerumani kule Marekani miaka ya 1840, C. F. Martin akiwa mmoja wao, na wakati huo nyuzi zilikuwa bado za utumbo. Nyuzi za chuma zimekuja kuenea karne ya 20 zikakuta X iko tayari inawasubiri.

Miguu miwili ya X inafanana pande zote. Lakini chini ya X kuna mihimili mingine miwili midogo inayopita mshazari, na huo mshazari unafanya upande wa nyuzi nene na upande wa nyuzi nyembamba visiwe sawa, mmoja unakuwa na ulegevu zaidi wa kutoa besi na mwingine unabaki mkakamavu kwa ajili ya nyuzi nyembamba. Sasa mtu wa shoto akihamisha nyuzi kwenye gitaa la kulia, besi inakaa juu ya upande mkakamavu na nyuzi nyembamba zinakaa juu ya upande mlegevu. Litalia, ndio, na wapo watakaokwambia hawasikii tofauti, lakini kama unajenga toka mwanzo hakuna sababu ya kumpa mtu kitu kimekaa kinyume. Nikachora ramani kwenye karatasi ya kupitishia mwanga halafu nikaigeuza, nikafuata upande wa nyuma. Ndo hivyo tu, ukishageuza karatasi kila kitu kinajipanga.

Mbao ya mihimili ni sprusi pia, nimeipasua kwa shoka dogo kwanza badala ya kuikata kwa msumeno, maana ikipasuka inafuata nyuzinyuzi zake zenyewe na unapata mhimili ambao hauna sehemu imekatizwa. Upana milimita 8, kimo kwenye makutano ya X milimita 15. Chini ya kila mhimili pameparwa kufuata mviringo wa mita 8.5, kwa sababu uso wa gitaa la bapa sio bapa kihivyo, una kibonge kidogo sana ambacho huwezi kukiona mpaka uweke rula juu yake. Kibonge hicho kinasaidia uso kubeba mvuto wa nyuzi na kinaupa nafasi ya kushuka hewa ikikauka.

Kugundisha natumia fito. Juu ya meza kuna ubao mwingine kama dari, katikati unabana fito ndefu kuliko nafasi yenyewe, zinapinda, zinasukuma mhimili chini kwenye sahani ya mbao iliyochimbwa mviringo ule ule. Ukiingia ghafla chumbani unaona msitu wa fito zimepinda zote na moja ikichomoka ni ya uso, vaa miwani.

Gundi ikikauka inakuja patasi. Nachonga mihimili iwe na mgongo mwembamba juu na mpana chini, miisho ya X inashuka taratibu mpaka inaingia ukingoni, na katikati ya kila mguu napachimba kidogo. Hapa tena ni kugonga na kusikiliza. Unachonga maganda machache, unagonga, unachonga. Mlio unashuka polepole na unazidi kukaa. Siku moja nikajiona nataka tu kuendelea kuchonga kwa sababu inafurahisha, nikaweka patasi chini nikaenda zangu, maana hii kazi unaweza ukaongeza utamu mpaka ukabaki na ngoma.

Chini ya mahali daraja litakapokaa nimegundisha kipande chembamba cha mbao ngumu, milimita 2.5, ndo kitakachokamatwa na vichwa vya nyuzi. Sprusi peke yake vichwa vingeitafuna.

Mbavu

Mninga, milimita 2.1, urefu kama sentimita 80 kila mmoja. Bomba la chuma lina moto ndani, joto lake liko kama digrii 150, ukidondosha tone la maji linaruka na kutoweka papo hapo. Unaulowesha ubavu kidogo, unaukandamiza kwenye bomba, unausukuma mbele na nyuma polepole, na kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea unajiona mjinga, halafu ghafla mbao inalegea mkononi. Ile gundi ya asili iliyo ndani ya mbao ndo imelainika kwa joto, ukiondoa kwenye moto inagandia kwenye umbo jipya.

Naanzia kiunoni, ndo kona kali kuliko zote. Mninga huu una nyuzinyuzi zinazopishana, sehemu ya kiuno zikaanza kujiinua upande wa nje, nikaweka bamba jembamba la chuma nyuma yake linalobana mbao wakati inapinda na zikatulia. Bila hilo bamba ningekuwa naandika hapa kuhusu kuagiza ubao mwingine.

Mbavu zote mbili ziko ndani ya kalibu ya plaiwudi, zimetanuliwa kwa skrubu, zinapoa.

Boksi

Kizuizi cha shingoni ni mkangazi, cha mkiani ni plaiwudi kwa makusudi, watu wanaidharau plaiwudi lakini gitaa likianguka huwa linatua mkiani na plaiwudi haipasuki kwa mstari mmoja.

Ukingo wa ndani wa mbavu unahitaji nyama ya kushikia gundi, milimita 2.1 haitoshi, kwa hiyo kuna ukanda wa mbao wenye pembe tatu uliokatwa katwa mikato mingi ili upinde bila kuvunjika. Unashikwa na vibanio vya nguo. Kweli kabisa, vibanio vya nguo, vile vya kuanikia, sita sita kila shubiri, hakuna klempu ya maana inayofanya hiyo kazi vizuri zaidi.

Mgongo umefungwa kwanza. Una mihimili minne ya kukatiza na kibonge chake ni kikubwa kuliko cha uso, mviringo wa mita 4.5. Halafu uso. Kabla ya kufunga nimeandika jina lake kwa penseli upande wa ndani wa uso, mahali ambapo hataliona isipokuwa kwa kioo.

Kingo nimezungushia ukanda wa mpingo, mfereji kwa ruta, ile mashine ya kuchimbia mifereji, ukanda umepindwa kwenye bomba lile lile. Mpingo ukiwa wa milimita 2 unapinda bila ubishi sana ukiupa muda. Ni kazi ndefu isiyo na hadithi.

Shingo

Mkangazi. Kichwa kimelala nyuma digrii 15, na badala ya kuchonga vyote kwenye gogo moja nimekata ubao mshazari, nikaugeuza kipande nikagundisha. Ukichonga toka gogo moja nyuzinyuzi za mbao zinakatika pale pale kwenye kona na hapo ndo magitaa mengi yanavunjikia yakianguka. Ukiunganisha mshazari zinafuata kichwa chenyewe.

Katikati kuna fimbo ya chuma inayofanya kazi pande zote mbili, unaikaza shingo ipinde nyuma au mbele.

Unene wa shingo ndo mahali mteja anapotakiwa kuwepo kimwili. Vipimo vya karatasi ni milimita 21 kwenye freti ya kwanza na 22.5 kwenye ya 9. Nikachonga kwa tupa la mbao na skrepa mpaka 22 na 23.5, nikamwita. Akashika kwa mkono wa kulia, maana kwa shoto mkono wa kulia ndo wa shingoni, akafumba macho akasema "hapa kaka kuna kitu kinanisukuma," akaonyesha upande wa chini karibu na freti ya 3. Kalipa haikuona kitu. Nikapitisha skrepa mara chache pale, akashika, kimya, akatingisha kichwa ndio. Kwa hiyo shingo hii ina bega moja limepungua kuliko jingine na ni la upande ambao mtu wa kulia asingelihitaji. Upana kwenye mfupa wa juu ni 44.5 kwa sababu ya upigaji wa vidole, nyuzi zinahitaji nafasi.

Freti

Hii ni hesabu tupu na inanifurahisha. Unachukua 645 unagawa kwa 17.817, unapata 36.2, hapo ndo freti ya kwanza. Kilichobaki unagawa tena kwa 17.817, unapata 34.2, ya pili, na kuendelea. Freti ya 12 inatakiwa itue kwenye nusu kamili, 322.5, na ndo kipimo cha kujua hujapotea. Zamani walikuwa wanagawa kwa 18, Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo wa darubini, aliieleza kanuni hiyo karne ya 16 kwa ajili ya vinanda vya nyuzi vya wakati wake. Ukitumia 18 kwenye gitaa hili freti ya 12 inaangukia 320.2, milimita mbili na kitu kabla ya nusu, na kwa nyuzi za chuma sikio linakamata hiyo.

Cha muhimu ni kupima kila freti toka mwanzo, toka kwenye mfupa wa juu. Ukipima toka freti hadi freti kosa dogo la kila moja linajumlishwa na lile la nyuma yake, mpaka ufike ya 20 umeshahama mtaa.

Mpingo na msumeno wa freti: mfereji upana wa milimita 0.58, mbao ngumu kama jiwe, unakata kwa subira. Kabla ya kugundisha fingabodi kwenye shingo nimefuta upande wa chini kwa asetoni maana mpingo una mafuta yake na gundi haipendi. Nukta za alama kwenye ubavu wa fingabodi ziko upande wa pili, hiyo nayo ni ya shoto, na ndo kitu kinachowasumbua sana wanaogeuza magitaa ya kulia, akiangalia chini haoni alama hata moja.

Shingo kwenye boksi

Bolti mbili, sijagundisha kisigino, yaani mwisho wa shingo unaokutana na boksi. Gitaa lolote la chuma siku moja, miaka mingi baadaye, litahitaji shingo irekebishwe pembe, na yule fundi wa siku hiyo atanishukuru.

Pembe yenyewe: unaweka rula ndefu juu ya freti zote, mwisho wake unatakiwa utue juu kidogo tu ya mgongo wa daraja. Daraja lina milimita 9.5. Nikawa natoa vumbi kwenye kisigino kwa ukanda wa msasa, navuta, napima, navuta. Wakati huo huo unaangalia shingo isielekee kushoto wala kulia, kwa hiyo ukirekebisha kimoja kingine kinahama. Kazi ya kunung'unika. Imekaa.

Sheleki

Nimechagua sheleki ya kupaka kwa kitambaa. Ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo, unayeyushwa kwenye spiriti, na unaupitisha kwa mizunguko midogo na tone la mafuta ili kitambaa kisinate. Mninga una vitundu, vimezibwa kwa unga wa pumisi pamoja na sheleki yenyewe na vumbi la mninga wenyewe. Rangi iliyotoka ni ya asali iliyokolea, na haina ule uzito wa vanishi nene inayouziba uso.

Kasoro yake inajulikana, jasho na joto vinaila. Pale mkono wake wa kushoto utakapolalia kwenye kona ya boksi patafifia kwanza. Faida ni kwamba unapitisha kitambaa tena, inajiunga na ile ya zamani, hakuna kubandua.

Daraja

Sheleki imekwanguliwa pale daraja linapokaa, mbao kwa mbao, maana gundi juu ya sheleki ni kujidanganya. Gundi ni ya ngozi, digrii 60 kwenye sufuria ya maji, na daraja nimelipasha joto kidogo kwanza kwa sababu gundi hii ikigusa kitu cha baridi inaganda kabla hujafunga klempu.

Mfereji wa mfupa wa chini nimeuchimba baada ya daraja kukaa. Ukibonyeza uzi kwenye freti unauvuta kidogo, sauti inapanda, uzi mnene unapanda zaidi, kwa hiyo kila uzi unaongezewa urefu. Mwembamba kabisa umeongezwa milimita 2, mnene 4.5. Huo ndo mshazari niliosema mwanzo. Kwenye gitaa la kulia lililohamishwa nyuzi mambo yanakuwa kinyume, uzi mnene unapata 2 na mwembamba 4.5, na ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, juu ya freti ya 7 unasikia gitaa linagombana lenyewe. Mdogo wangu miaka yote alikuwa anadhani ni sikio lake.

Nyuzi

Seti ya 12 hadi 53, huo ni unene wa nyuzi kwa elfu za inchi. Nimekaza nusu kwanza, nikaacha, nikamalizia kesho yake. Uso umepanda kidogo nyuma ya daraja na kushuka kidogo mbele yake, ndo inavyotakiwa, ukikuta haujasogea kabisa ujue umejenga meza.

Uzi mnene uko milimita 2.4 juu ya freti ya 12, mwembamba 1.8, shingo imeachwa na ulegevu wa 0.2. Nimejaribu kodi za juu kote, freti ya 12 ikibonyezwa na ikiguswa tu zinatoa noti moja. Ukiimba ndani ya tundu la sauti ukipanda na kushuka kuna mahali boksi linakuitikia kwa nguvu, kwa hili ni karibu na G ya chini, kama hezi 100, kawaida kwa saizi hii. Besi iko, haijatanda. Uzi wa tatu kwa sasa umebana kidogo, ila wiki za mwanzo uso mpya huwa unabadilika kwa hiyo sigusi mihimili.

Kilichobaki: kushusha mfupa wa juu kwenye uzi wa kwanza na wa pili kwa tupa dogo, kupiga msasa kingo za freti tatu zinazokwaruza, na kitufe cha mkanda kwenye kisigino. Mdogo wangu anataka nimuwekee na pikapu, kile kinasa sauti cha gitaa, ya chini ya mfupa. Nimemwambia apige kwanza hivi hivi miezi miwili mitatu, uso ukishatulia tutaongea, maana kuweka pikapu sasa hivi ni kutoboa kizuizi cha mkiani na kupima mfupa upya wakati bado unashuka. Amekubali kwa shingo upande, na kesho anakuja kulichukua.